Kilimo cha Asparaga katika Bustani ya Nyumbani: Mwongozo kwa Wakazi wa Soweto, Moshi

Asparaga, ambayo wanasayansi huiita Asparagus officinalis, ni mboga ya kudumu: hupandwa mara moja, huachwa ijijenge kwa muda unaozidi kidogo mwaka mzima, kisha huvunwa kwa miaka kadhaa kutoka kwenye mmea ule ule. Sehemu inayoliwa ni chipukizi, yaani bua changa linalochomoza ardhini likiwa limenyooka na ncha yake imefungwa kwa magamba madogo, kabla halijatawanya matawi. Chipukizi lisipokatwa hurefuka hadi mita moja na nusu au zaidi na kufungua vitawi vyembamba ambavyo wengi huvidhania kuwa majani, ingawa kwa hakika ni mashina yaliyobadilika umbo na kuchukua kazi ya majani, ambayo ni kutengeneza chakula cha mmea kwa mwanga wa jua. Chakula hicho hushuka na kuhifadhiwa katika mizizi minene iliyoshikana na tunguu, yaani shina fupi linalolala chini ya ardhi, na ndicho kinachosukuma machipukizi mapya. Mkulima anayeelewa mzunguko huu hatashangaa kuambiwa kwamba kila chipukizi analokata ni akiba aliyoitoa ghalani, na kwamba ghala hilo hujazwa tu na yale mabua aliyoyaacha yakomae.

Katika nchi zenye baridi kali, ambako sehemu kubwa ya vitabu na maelezo ya pakiti za mbegu huandikiwa, asparaga hulala wakati wa majira ya baridi: mabua hukauka, tunguu hutulia, na machipukizi hutoka kwa pamoja joto linaporejea. Moshi, iliyo takriban nyuzi tatu kusini mwa ikweta na kwenye mwinuko wa kati ya mita 800 na 900 hivi juu ya usawa wa bahari, haina baridi ya namna hiyo. Hata mwezi wa Julai, watu wa Soweto wanapovaa masweta na mlima umejifunika mawingu tangu alfajiri, udongo haupoi kiasi cha kuulaza mmea huu. Asparaga ya Moshi, kwa hiyo, huchipua mwaka mzima, na mtu anayefuata maelezo ya pakiti ya mbegu kutoka Ulaya neno kwa neno, akivuna kila kinachochomoza kwa wiki nane mfululizo bila kuacha bua hata moja, atauchosha mmea wake ndani ya misimu michache. Ratiba inayofaa hapa ni ile inayofuata mvua na kiangazi, na mfano wake wa karibu zaidi hupatikana Thailand, nchi ya joto inayolima asparaga kwa wingi, kuliko Uholanzi au Ujerumani.

Yafaa pia kuondoa mkanganyiko mmoja mapema. Jamii ya asparaga ina spishi nyingi ambazo asili yake ni Afrika, na baadhi yake hupandwa kwenye vyungu barazani au hutumiwa na wauza maua kupambia mashada, kwa ajili ya vitawi vyake laini vya kijani. Mimea hiyo ya mapambo si mboga, na tunda lake jekundu halifai kuliwa. Wala tunda la asparaga ya mboga yenyewe halifai, jambo ambalo watoto wa nyumbani wanapaswa kuelezwa.

Mahali na udongo

Kwa kuwa shamba la asparaga hukaa mahali pamoja kwa miaka sita, saba au zaidi, swali la kwanza ni la umiliki kabla halijawa la kilimo. Mpangaji asiye na uhakika wa kukaa katika nyumba yake kwa angalau miaka mitatu atafaidika zaidi akipanda mnafu, mchicha au sukuma wiki, mboga ambazo humrudishia jasho lake ndani ya wiki chache. Kupanda asparaga kwenye ndoo au viroba ili kuhama nayo ni jambo linalowezekana, lakini mizizi yake, ambayo hupenda kushuka zaidi ya mita moja, haitoshelezwi na chombo kidogo, na mavuno yake huwa haba mno kustahili usumbufu.

Mwenye kiwanja chake atafute sehemu inayopata jua kwa saa nane au zaidi kila siku. Hapa kilimo cha asparaga hutofautiana na desturi ya kihamba, yaani shamba la nyumbani la Wachaga lenye tabaka za migomba, kahawa, magimbi na miti mirefu, ambamo karibu kila zao huishi kwenye kivuli cha lingine. Asparaga haivumilii kivuli hicho, na mizizi ya migomba huishinda katika kugombea maji. Umbali wa mita tatu au nne kutoka kwenye mgomba au mparachichi ni wa lazima. Kuta za uzio nazo zizingatiwe. Kuanzia karibu katikati ya Machi hadi mwishoni mwa Septemba jua la mchana hupita upande wa kaskazini mwa utosi, hivyo ukuta mrefu ulio kaskazini mwa tuta hulitia kivuli katika miezi ile ile ya kipupwe ambayo mmea unahitaji joto zaidi, ilhali mwezi wa Desemba ukuta wa kusini ndio unaoleta kivuli. Mahali palipo wazi kaskazini na kusini ndipo bora.

Udongo wa chini ya Kilimanjaro, uliotokana na miamba ya volkano, una rutuba nzuri kwa jumla, lakini viwanja vya mjini mara nyingi vimefukiwa kifusi, mawe na mabaki ya saruji wakati wa ujenzi, na sehemu nyingine zina mfinyanzi unaoshika maji. Kipimo rahisi ni kuchimba shimo la kina cha sentimita 40, kulijaza maji, kuyaacha yanywee, kisha kulijaza tena. Iwapo maji ya mara ya pili bado yametuama baada ya saa nne au tano, mahali hapo patahitaji tuta lililoinuliwa, au paachwe. Asparaga huvumilia ukame wa siku kadhaa kwa urahisi kuliko inavyovumilia miguu yake kukaa majini. Hupenda udongo usio na tindikali nyingi, wenye pH kati ya 6.5 na 7.5, na pale udongo unapokuwa na tindikali, chokaa ya kilimo au jivu la kuni lililonyunyizwa kidogo kidogo husaidia kuirekebisha. Kuna desturi ya zamani huko Ulaya na Marekani ya kumwaga chumvi kwenye tuta la asparaga ili kuua magugu, kwa sababu mmea huu huistahimili chumvi kuliko mboga nyingi. Desturi hiyo isifuatwe, kwani chumvi huharibu udongo kwa mazao yatakayofuata.

Kazi isiyopaswa kuharakishwa kuliko zote ni kung'oa magugu ya kudumu. Ndago na sangari vikiachwa ardhini kabla ya kupanda, haviwezi tena kuchimbwa baadaye bila kukata mizizi ya asparaga, na mkulima atapalilia kwa mikono miaka yote. Ni heri kuchelewesha upandaji kwa miezi mitatu, udongo ukilimwa na kuokotwa vitunguu vya ndago mara tatu au nne, kuliko kuanza kwenye eneo chafu.

Mbegu na miche

Aina mbili hutajwa mara kwa mara kwa mazingira yenye joto. Mary Washington ni aina ya zamani iliyozalishwa Marekani mwanzoni mwa karne ya 20 kwa lengo la kupambana na ugonjwa wa kutu, na mbegu zake si ghali. UC 157 ni chotara iliyotoka Chuo Kikuu cha California, hustahimili joto vizuri, na ndiyo iliyoenea katika mashamba ya jangwani ya Peru. Mbegu zinazoagizwa kutoka nje ya nchi hutakiwa kufuata taratibu za Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu Tanzania (TPHPA), yenye makao yake Arusha, na ni rahisi zaidi kumwomba muuza pembejeo aliyesajiliwa aagize kuliko mtu kubeba mwenyewe kwenye mzigo wa safari. Matunguu yaliyokaushwa, ambayo ndiyo hupandwa Ulaya, hayapatikani kwa urahisi Moshi, na hata yakipatikana huweza kuja na vimelea vya magonjwa. Mbegu ni njia salama zaidi.

Wakati unaofaa kuotesha ni katikati ya Januari. Joto la wakati huo huharakisha uotaji, na miche inakuwa na umri wa miezi mitano hivi ifikapo Juni, mvua za masika zinapokatika. Mbegu hulowekwa katika maji ya uvuguvugu kwa siku moja hadi mbili, kisha hupandwa kwa kina cha sentimita mbili katika viriba, yaani mifuko ya plastiki ya kitalu, vilivyojazwa mchanganyiko wa udongo wa juu, mboji iliyoiva na mchanga. Huota baada ya wiki mbili hadi tatu, na bua la kwanza huwa jembamba kiasi cha kumkatisha tamaa asiyelijua. Wakati wa masika viriba viwekwe chini ya paa jepesi la nailoni linaloruhusu mwanga, kwa sababu miche iliyolowa usiku na mchana huoza shingoni.

Familia ya watu watano inatosheka na miche 20 hivi. Ikiachwa sentimita 40 kati ya mche na mche, miche hiyo huchukua mstari mmoja wa mita nane, au mistari miwili ya mita nne iliyoachana kwa mita moja na robo. Nafasi hiyo huonekana kubwa mno mwanzoni, na wengi hushawishika kuibana. Lakini hewa inayopita kati ya mabua ndiyo kinga ya kwanza dhidi ya ukungu.

Kupanda na mwaka wa kwanza

Vitabu vya nchi za baridi huelekeza kuchimba handaki na kupanda chini kabisa. Katika Moshi, ambako masika hushusha sehemu kubwa ya mvua ya mwaka mzima kati ya Machi na Mei, handaki hugeuka mfereji. Njia inayofaa ni kuinua tuta la sentimita 25 hivi, kuchanganya ndani yake debe moja la samadi iliyooza vizuri kwa kila mita ya mstari, kisha kufungua mfuo wa kina cha sentimita 15 juu ya tuta hilo na kupanda miche humo bila kuvunja bonge la udongo wake. Mwanzoni mizizi hufunikwa kwa sentimita tano tu za udongo. Kadiri mabua yanavyorefuka, mfuo hujazwa polepole, hadi ifikapo Septemba uwe sawa na sehemu nyingine ya tuta. Samadi ya ng'ombe wa zizini, ambao ndio wengi katika Kilimanjaro, ni nzuri sana mradi imekaa miezi minne au zaidi. Ikiwa mbichi huunguza mizizi na kuleta sota, viwavi wanaokata miche shingoni usiku.

Juni hadi Septemba ni kiangazi chenye ubaridi, na miche humwagiliwa mara mbili au tatu kwa wiki, maji mengi kwa kila mara, ili mizizi ivutwe kwenda chini. Maji yaelekezwe kwenye shina na kamwe yasimwagwe juu ya vitawi. Baada ya kupalilia, tuta hufunikwa matandazo, yaani tabaka la mabaki makavu ya mimea; majani ya mgomba yaliyokatwakatwa hufaa, na vilevile pumba za mpunga kutoka kwenye mashine za eneo la skimu ya umwagiliaji ya Lower Moshi, kusini mwa mji, ambazo hukaa muda mrefu bila kuoza. Kuku wasiruhusiwe kabisa kufika hapo, kwa kuwa matandazo huwavutia kuchakura na chipukizi lililopindwa na ukucha wa kuku halinyooki tena.

Katika kipindi hiki hakivunwi kitu. Kila bua, hata lile nono linalotamanisha, huachwa lifunguke, kwa sababu ndilo linalojenga tunguu. Mimea ikianza kutoa maua hujulikana jinsia yake, kwani asparaga ina mimea ya kiume na ya kike iliyotengana. Ya kike huzaa matunda mekundu na kwa kawaida hutoa machipukizi machache zaidi, ingawa mara nyingi huwa manene. Hakuna sababu ya kuing'oa bustanini, ila matunda yake yachumwe kabla hayajaanguka, vinginevyo miche inayoota yenyewe itageuka magugu yasiyotofautika na mimea iliyopandwa.

Mfumo wa bua mama

Mbinu inayoiwezesha asparaga kuzaa mahali pasipo majira ya baridi huitwa mfumo wa bua mama. Kila mmea huachiwa mabua manne au matano yenye afya, yaliyotawanyika kuzunguka tunguu, yakue hadi mwisho; hayo ndiyo mama, na kazi yake ni kulisha mizizi, huku machipukizi yote mengine yanayotoka pembeni yake yakivunwa. Mabua mama hufungwa kwenye vigingi kwa kamba ya katani ili yasilale upepo unapovuma, na yakizidi mita moja na robo hivi hukatwa kilele ili mwanga ufike chini. Baada ya miezi miwili hadi mitatu ya kuvuna, machipukizi huanza kuwa membamba kuliko penseli, na hiyo ndiyo ishara kwamba akiba imepungua. Hapo uvunaji husimama, machipukizi mapya manne au matano huachwa yakue, na yakishafunguka vizuri, mama wa zamani hukatwa usawa wa ardhi na kuondolewa. Nusu debe ya samadi kwa kila mita hurudishwa, na mmea hupumzika kwa mwezi mmoja au zaidi.

Swali ambalo maelezo ya jumla hayalijibu ni lini mabua mama yabadilishwe, na kwa Moshi jibu lake hutolewa na mvua. Bua changa linaloinuka wakati wa masika karibu daima hushikwa na ugonjwa wa ukungu, ilhali lililokomaa kabla ya mvua hustahimili zaidi. Kalenda inayoelekea kufaa ni kubadilisha mama mwezi wa Juni, kuvuna kuanzia katikati ya Julai hadi katikati ya Septemba, kubadilisha tena kabla ya vuli kushika kasi, kupumzisha mimea katika mvua hizo, kisha kuvuna awamu ya pili Januari na Februari. Mwishoni mwa Februari kisu huwekwa chini, hata kama machipukizi bado ni manono, ili masika yakute mimea ikiwa na mabua yaliyokwisha komaa. Shamba lililopandwa Juni huweza kuvunwa kidogo, kwa wiki tatu tu, Julai ya mwaka unaofuata, na kuvunwa kikamilifu kuanzia hapo.

Ipo njia nyingine, inayotumika katika jangwa la pwani ya Peru, ya kuunyima mmea maji hadi vitawi viwe vya njano, kuvikata vyote, kisha kumwagilia ili machipukizi yatoke kwa mkupuo. Hiyo hutegemea mahali pasiponyesha kabisa. Mtu wa Soweto anaweza kuijaribu Agosti, lakini kwa bustani ya nyumbani, ambamo mafungu madogo ya kila siku ni bora kuliko mzigo wa wiki moja, haina faida ya kutosha.

Magonjwa na wadudu

Adui mkubwa katika nchi za joto na unyevu ni ukungu uitwao Phomopsis asparagi, unaoonekana kama mabaka marefu ya kahawia kwenye bua yenye vidoti vyeusi katikati. Mbegu zake husambazwa na matone ya mvua yanayoruka kutoka kwenye mabaki ya mabua yaliyoachwa ardhini, na ndiyo maana matandazo, umwagiliaji wa chini na usafi vina nguvu kuliko dawa. Bua lenye mabaka likatwe usawa wa ardhi pasipo kuacha kisiki, lichomwe moto, na lisitupwe kwenye shimo la mboji. Inapobidi kupulizia kabla ya masika, dawa za shaba, ambazo wakulima wa kahawa wa mlimani wamezizoea tangu enzi za mrututu, huzuia maambukizi mapya ingawa haziponyi bua lililokwisha shikwa. Ichaguliwe dawa iliyosajiliwa, na siku za kusubiri kabla ya kuvuna zilizoandikwa kwenye kibandiko ziheshimiwe.

Mmea mmoja ukinyauka na kuwa wa njano peke yake huku jirani zake wakiwa wazima, na tunguu lake likionekana limeoza na kuwa jekundu-kahawia ndani, hapo ni fuzari, ukungu wa udongoni usio na tiba; mmea huo ung'olewe pamoja na udongo unaouzunguka na pengo lisijazwe. Thripsi, wadudu wadogo wanaofyonza ncha changa na kuzipinda, huzidi wakati wa kiangazi na hupungua kwa maji na kwa dawa ya mwarobaini inayopuliziwa jioni. Viwavi huokotwa kwa mkono. Kwa mimea 20, macho ya kila asubuhi yanatosha.

Kuvuna na kutumia

Machipukizi hukatwa alfajiri au asubuhi mapema, kwa kisu kikali, usawa wa ardhi. Kisu kinachozamishwa udongoni huumiza machipukizi mengine ambayo hayajatokeza. Urefu wa sentimita 20 ndio wa kawaida, lakini katika joto la Januari ncha hufunguka mapema, hivyo ni vyema kukata yakiwa na sentimita 15 au 18, na kupita bustanini tena jioni. Chipukizi lililofunguka ncha limeshakuwa na nyuzi ngumu.

Mboga hii huharibika upesi, na ladha yake tamu hupungua saa chache baada ya kukatwa. Isipopikwa siku hiyo hiyo, isimamishwe kwenye bilauri yenye maji ya vidole viwili na kuwekwa kwenye jokofu, au ifungwe kwa kitambaa kibichi mahali pa baridi. Dakika tatu hadi tano za mvuke au maji yanayochemka zinatosha. Kuiunga kwa nyanya na vitunguu hadi iive kama sukuma wiki ni kuipoteza, ilhali kuikaanga kidogo kwa siagi na kuiandaa pamoja na mayai au ndizi za kukaanga huihifadhi. Mkojo wenye harufu kali baada ya kula asparaga ni jambo la kawaida lisilo na madhara.

Shamba la nchi ya joto halidumu kama la Ulaya, ambako mimea huweza kuvunwa kwa miaka 15 au zaidi. Kuanzia mwaka wa saba hivi, machipukizi huwa machache na membamba hata baada ya mapumziko marefu, na mbolea haileti tofauti. Mkulima mwenye busara huotesha miche mipya mwaka mmoja kabla ya hapo na kuiandalia sehemu nyingine ya kiwanja, kwa kuwa mabaki ya mizizi ya zamani na fuzari iliyojikusanya ardhini hudumaza asparaga yoyote inayopandwa hapo tena. Tuta la zamani hufaa kwa mchicha, mnafu na mboga nyingine za muda mfupi, mara baada ya matunguu yake kung'olewa yote na kuchomwa.